Nestor Kasanda, Aliyetoka Kabla ya Mwisho wa Filamu

Marehemu Nestor Kasanda alizaliwa hapa Kindu tarehe 14 Machi 1956, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli kutoka Kasai. Siku hiyo mto Lualaba ulipanda mpaka mlangoni na kiboko akachungulia dirishani. Dada yake mkubwa, Jeannette, alimwona kwa macho yake. Anayebisha aende akamwulize kiboko. Mliokuja kusema leo kwamba marehemu alikuwa mpole, mketi. Alizaliwa akilalamika.

Alisoma shule ya msingi toka 1962 hadi 1968. Jeannette hakusoma hata siku moja, maana yeye ndiye aliyembeba mgongoni. Mwalimu aliandika kwenye karatasi ya marehemu: “Ana akili, ila hangoji nimalize.”

Tangu 1977 aliunganisha mabehewa kituoni. Vita ilipokuja na treni ikakoma kufika, alibaki na kazi moja: kuchukia filamu. Alikwenda kwenye nyumba ya video ya Soudi, kule Mikelenge. Siku zile petroli ya jenereta ilitosha saa moja tu. Saa ikitimia, picha inazimika, na hakuna aliyejua nani kafa, nani kaolewa. Watu wa Kindu walizoea kuhukumu filamu nusu. Vita ikaisha, petroli ikarudi, wenzake wakabaki vitini. Nestor, hapana. Filamu ikifikisha saa moja alisimama, akaenda mlangoni, akatoa hukumu yake kwa sauti ya kituoni.

Ya mapigano: “Muntu mumoja anapiga watu makumi ine, na kofia haianguki! Uongo! Bongo tupu!” Ya mapenzi: “Wanalia ndani ya nyumba ya ngazi mbili. Wanipe miye ngazi moja, niwalilie!” Ya Kihindi, ya nyimbo na milima: “Wamecheza mara sita, hakuna hata mumoja aliyekula.”

Soudi alimsihi: “Kaka Nestor, bakia kidogo, utamu iko mwisho.”

“Mwisho ya nini? Hawa watu nimeshawajua, hawana akili.”

Alifunga ndoa na Joséphine tarehe 8 Agosti 1981. Joséphine ndiye mtu pekee aliyewahi kumkemea akanyamaza, mara mbili katika miaka arobaini na mitatu.

Mwaka 2002, mji ulipofungwa na vita, watu wasiweze kufika mashambani, Nestor alitoka kwa miguu kwenda Kalima kutafuta chumvi. Alikaa siku arobaini na moja. Majirani walisema amewatoroka mke na watoto. Jeannette naye alisema, tena kwa sauti kuliko wote. Akarudi amekonda, chumvi iko ndani ya soksi, akidai amelala juu ya mti pamoja na chui, wakagawana tawi.

Binti yake Ange alikuwa na miaka kumi na miwili wakati ule. Hakusahau. Mwaka 2022 alitengeneza filamu kwa kamera ya kuazima, ikaonyeshwa kwa Soudi, nyumba imejaa. Ndani yake baba mmoja anaondoka mji ukiwa umefungwa. Majirani wanamwita mwoga. Mke anapika sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Hapo saa moja ikatimia, na Nestor akasimama.

“Bongo! Huyu mutoto ameniuza mbele ya watu!”

Ange alimkimbilia mlangoni. “Papa, imebaki dakika makumi mbili tu.”

“Hata mbili sina.”

Ange alihamia Lubutu. Miaka mitatu hakukanyaga kwa baba yake, si Noeli, si ndoa ya kaka yake Édouard. Jeannette alikuwa ameiona filamu mpaka mwisho, akamweleza ndugu yake mara mia kwamba yule baba anarudi. Nestor alimjibu: “Weye? Weye uliona kiboko dirishani.”

Kuanzia Januari 2025 moyo wake ulichoka na miguu ikavimba. Ugonjwa huo ulifanya jambo moja jema: hakuweza tena kusimama na kutoka. Joséphine alimwita Ange, naye akafika kwa pikipiki Jumamosi tarehe 7 Juni. Hakusalimia. Aliweka kompyuta kwenye kiti mbele ya kitanda, akaiwasha. Saa moja ilipotimia, mgonjwa akaomba fimbo yake. Jeannette alikuwa ameikalia.

Basi aliona. Aliona yule baba akirudi na mfuko wa chumvi begani, mke akionja, majirani wakiangalia chini. Nestor akanyoosha kidole kwenye picha.

“Chumvi haikuwa mufuko,” akasema. “Ilikuwa soksi moja.”

“Soksi haionekani vizuri, Papa.”

“Hata hivyo ni bongo.” Akajipangusa uso kwa shuka. “Unionyeshe tena. Anzia mwanzo.”

Waliiangalia mara tatu, na kila mara aliitukana. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa Ange.

Ameacha mjane wake Joséphine, watoto Édouard, Ange na Patou, wajukuu kumi na mmoja, Soudi ambaye kwake hakuwahi kusifu kitu, na dada yake Jeannette, ambaye bado hajamaliza kugombana naye.

Atakayeondoka hapa kabla ya udongo wa mwisho, Jeannette atamwona. Nestor, pumzika kwa amani, na safari hii ubaki.