Arlene Kucera na Timu ya Mwaka 1979

Bi. Arlene Kucera anastaafu Jumapili, tarehe 15 Septemba 2024, baada ya misimu arobaini na sita ya kutundika namba kwenye ubao wa matokeo wa uwanja wetu wa besiboli hapa Orrin Creek, Iowa. Aliajiriwa Aprili 1979, akiwa na miaka ishirini na mitatu, akaambiwa kazi ni ya muda tu. Wamepita mameneja kumi na mmoja tangu siku hiyo, na kila mmoja ameondoka akimwacha yeye juu ya ngazi yake.

Mwandishi wa makala haya ni mtunza nyasi. Jarida hili huandikwa na mtu anayejua kuandika, lakini yuko likizo ya uzazi, na siku ya kutafuta mbadala mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu na mlango.

Mashabiki wanaujua ubao kwa mbele. Nyuma yake kuna chumba cha mbao chenye joto la tanuri mwezi Julai, ngazi moja, simu moja, na mabamba mia mbili ya chuma yaliyopakwa namba. Mchezaji akipata pointi, Arlene hupanda na kutundika. Mara tatu ofisi imeleta mpango wa ubao wa umeme, na mara tatu amewasikiliza kwa adabu, akawakaribisha kolache zake, vile vikate vitamu vyenye plamu, na mpango ukaishia hapo. Mto ulipofurika mwaka 2008 aliyaokoa mabamba yote, akaanza na sifuri. Alisema ndizo tunazozitumia sana.

Ubao huo una safu ya makosa ya wachezaji. Mwaka wangu wa pili kazini nilifungua maji ya kumwagilia wakati mechi inaendelea, nikawalowesha watu wanne na mwamuzi. Hakuna mchezaji aliyekosea siku hiyo, ila ghafla namba moja ilionekana kwenye safu ya makosa, na jukwaa zima likageuka kunitazama na kupiga makofi. Nina miaka hamsini na minne sasa, na bado Arlene huniita kijana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Hapa kwetu anayestaafu huchagua timu ya mwaka mmoja, ile aliyoipenda kuliko zote, na picha yake hutundikwa kwenye korido ya kuingilia. Nafasi ilikuwa imebaki moja tu, baada ya hapo ni mlango wa choo. Kwa hiyo kura ya Arlene ilikuwa ya mwisho, na kila mtu alikuwa na lake. Mimi nimeipigania timu ya 1998 kwa miaka yote. Ilichukua kombe, mke wangu nilikutana naye kwenye foleni ya soseji siku ya fainali, na mpaka leo naweza kuitaja safu nzima nikiwa usingizini, jambo ambalo mke wangu analithibitisha bila furaha. Meneja wetu, Bi. Kirsten Aldous, naye aliitaka 1998, maana wageni hupenda kuona kombe.

Kwenye kikao cha Agosti nilihutubia dakika kumi. Arlene alinisubiri nimalize, kisha akasema, “Sabini na tisa.”

Nilicheka peke yangu. Timu ya 1979 ndiyo mbaya kuliko zote katika historia ya uwanja huu. Redio ya mji iliacha kuitangaza katikati ya Juni, ikaweka muziki wa polka. Mpiga picha wa timu alikuja Agosti, akautazama msimamo wa ligi, akasema atarudi, na hakurudi. Kisha Arlene akatusimulia alichokuwa hajakisema hapa kazini kwa miaka arobaini na mitano.

Mwishoni mwa Juni mwaka ule baba yake, Mzee Bohumil, alilazwa hospitali iliyo kilimani ng'ambo ya mto. Madaktari hawakuficha kwamba hatatoka. Dirisha lake lilitazama uwanja wetu, ila paa la jukwaa lilimzibia wachezaji wote na kumwachia ubao tu. Alilala na darubini kifuani akisoma namba alizotundika binti yake. Alitaka kitu kimoja, kuiona timu yake ikishinda mara moja tena. Tangu alazwe, haikuwa imeshinda nyumbani hata siku moja.

Julai, zamu ya saba kati ya tisa, tulikuwa tumelala tisa kwa sifuri. Arlene akapanda ngazi na kutundika kumi upande wetu.

Mechi ilisimama. Kocha wa wageni aliitupa kofia chini, na meneja wa wakati ule akapiga simu kuuliza kulikoni. Arlene akajibu kwamba bamba limeteleza. Mdakaji wetu, Rudy Escamilla, alikuja mpaka nyuma ya ubao akiwa amevaa vikinga vyake vyote, tayari kufoka. Arlene akamweleza ukweli. Kijana yule akaivua barakoa yake.

“Mtundikie ukweli, dada,” alisema. “Hiyo kazi nyingine tuachie sisi.”

Wakaenda wakapoteza mechi tisa mfululizo.

Mzee naye aliusoma mkasa ule wa namba kumi gazetini kesho yake asubuhi, akachukia kweli. Alimwambia Arlene kwamba ameishi na timu mbaya maisha yake yote bila kuhitaji kudanganywa, na kwamba hatauamini tena ubao ule.

Mchana wa mwisho wa Agosti, mechi ya mwisho nyumbani, walikuja vinara wa ligi. Tukawafunga tatu kwa mbili. Arlene alitundika ile tatu, akapiga simu wodini, na muuguzi akamshikia mzee mkono wa simu sikioni.

“Umeanza tena, mwanangu,” mzee alisema. “Hiyo ni huruma, si ushindi.”

Arlene akaapa, lakini wapi. Escamilla, aliyekuwa amekuja nyuma ya ubao kushangilia, akaichukua simu, naye akaitwa mwongo. Basi mdakaji akawakusanya wenzake watano, wakavuka daraja kwa miguu, na jezi zao za tope. Muuguzi aliwazuia mlangoni kwa ajili ya viatu vyao vyenye meno, wakavivua, wakaingia na soksi. Mzee hakuwakaribisha. Aliwahoji mmoja mmoja, wengine wakisubiri kwenye ukumbi: pointi ya tatu ilipatikanaje, mpira uliangukia wapi, nani alikuwa kituo cha pili. Majibu sita yakalingana.

“Basi tumeshinda,” alisema. Akakaa kidogo na furaha yake, kisha akaanza kulalamika kwamba yule mtupaji wa kushoto aliachwa uwanjani muda mrefu mno.

Alifariki Oktoba. Timu ilimaliza ya mwisho.

Pale kikaoni, hotuba yangu ya dakika kumi ikawa kama haikuwahi kutolewa. Bi. Kirsten akauliza taratibu kuhusu picha, kwa kuwa kanuni ya korido inataka timu iliyovaa rasmi. Arlene akatoa kwenye mkoba picha ndogo aliyoipiga muuguzi siku ile: vijana sita wachafu wamekizunguka kitanda, na katikati mzee mwenye darubini shingoni, bado amekunja uso. Meneja aliitazama sana. Akasema wamevaa soksi tu.

“Jezi wamevaa,” Arlene akamjibu.

Ikapita. Alhamisi niliigongomea mwenyewe, mimi mtu wa 1998, na Arlene akanirudisha kwenye ngazi mara mbili akisema mtu asiyeweza kunyoosha mstari wa chokaa asipewe msumari. Sasa imenyooka. Nendeni mkaione.

Arlene, asante kwa kila namba, hasa zile zilizotuuma. Umekaa nyuma ya ubao misimu arobaini na sita. Msimu ujao kiti chako kiko jukwaani, safu ya tatu, upande wa kivuli, na mabomba ya maji nitayachunga. Sisi wote wa uwanjani tunakutakia pumziko jema, magoti yasiyouma, na ushindi angalau mmoja kwa wiki, wa kweli.