Zima Taa na Mama Foleni Kwenye Laini Moja

Mbele ya duka la donati la Carrick Mills, Ontario, kuna benchi linalotazama njia panda isiyo na taa, ila kibao cha kusimama kila upande. Benchi hilo wamelitwaa wahandisi wa mitandao wa kampuni ya ng'ambo ya barabara, na ukilikalia bila hoja unatazamwa kama umekalia kofia ya mtu. Asubuhi hiyo theluji ya Machi ilishageuka uji wa kijivu, naye Réjean Latulippe, mmoja wao, alikuwa na kaptula yake ileile ya Januari, magoti mekundu kama nyanya. Kijiweni hana jina jingine: Kaptula. Msimu mzima wa baridi alikuwa akichambua programu zinazoongoza mitandao ya siku hizi, ile ambayo swichi, yaani vifaa vinavyogawa data kwenye laini, hazifikirii tena zenyewe, zinangoja amri kutoka kwenye ubongo mmoja. Mchana huo angesimama mbele ya wakubwa aseme ipi iongoze mtandao wa maktaba za mji. Mbili zilizozishinda nyingine zote zilitungwa na wenzake wa benchi, na zote mbili zilikuwa kwenye majaribio katika mtandao huohuo. Kaptula alishapata dawa ya kutomuudhi yeyote: azisifu zote, zikae zote, na benchi libaki na watu.

— Kaptula, — alianza Harbhajan Gill, mtu aliyewahi kuwazimia wageni taa sebuleni kwake wakiwa bado wanakula, na tangu siku hiyo akaitwa Zima Taa. — Leo sema ukweli. Programu yangu ikiona laini imelala, inaizima. Umeme unabaki mfukoni mwa mji. Nani mwingine kafanya hivyo?

— Na yangu inamaliza foleni! — alidakia Doreen MacAskill, Mama Foleni, mwenye sauti ya kuita kivuko. — Ikiona laini imejaa, inawahamisha watu kwenye laini iliyo tulivu. Wewe unazima, mimi nahudumia. Tofauti ya bahili na mama mwenye nyumba!

— Bahili nani? Donati hiyo kanunua nani?

— Nusu donati, Harbhajan! Nusu nyingine umeirudisha mfukoni!

Kaptula alicheka, akajinyoosha kama hakimu.

— Jamani, mimi nimezipima programu hizi moja moja, zinanijua na mimi nazijua. Zenu ni nzuri. Kinachonikera ni kile kitu cha asubuhi tu. Maktaba zikifunguliwa, mtandao unakatika, unarudi, unakatika. Wakubwa wataniuliza.

— Kindi huyo, — alisema Zima Taa papo hapo. — Anatafuna waya kule nyuma ya jengo. Nimemwona, ananenepa.

— Waya gani? Zile za kioo? Angekuwa hana meno! — alisema Mama Foleni. — Ni bata bukini. Wanarudi kutoka kusini, wanapita juu ya paa, makelele yao yanatikisa mitambo.

— Bukini wa nini! Ni jua, — alisema Kaptula. — Likichafuka linarusha vumbi la umeme. Si mliona anga ilivyokuwa ya kijani juzi usiku?

— Basi huyo kindi katumwa, — alisema Zima Taa, ambaye hajawahi kurudi nyuma hata kwa gari. — Wapinzani wetu wamemfunza. Anakuja saa ileile, anaondoka saa ileile. Kindi gani ana ratiba?

— Mwajirini, — alisema Mama Foleni. — Atakuwa wa kwanza kufika kazini kwa wakati.

Ndipo Oksana Hrynchuk, mhandisi aliyeanza kazi wiki hiyo, akatoka dukani na kikombe chake, akakaa pembeni, akawasikiliza kidogo.

— Samahani. Laini iliyolala, Harbhajan anaizima. Laini tulivu, Doreen anawapeleka watu huko. Si laini ni ileile?

Akapuliza kikombe chake.

— Sasa asubuhi, maktaba zikifunguliwa, mkiiamuru swichi moja mambo mawili kwa pamoja, inamtii nani?

Zima Taa alimtazama Mama Foleni. Mama Foleni alimtazama Zima Taa.

— Umewahi kuisoma programu yangu? — aliuliza Zima Taa.

— Niisome ya nini? Wewe je, umeisoma yangu?

Wote wakamgeukia Kaptula. Naye, aliyezipima zote moja moja, akapiga funda la kahawa kumbe kikombe kitupu.

Njia panda ikamwokoa, maana gari la mikate na pikapu ya bluu yalikuwa yamesimama, kila dereva akimpungia mwenzake mkono apite kwanza, na nyuma yao msururu ukirefuka.

— Hawa watalala hapa! — alisema Mama Foleni, akaingia barabarani.

— Ngoja, mama, utawavuruga, — alisema Zima Taa, akaingia upande wa pili.

Zima Taa akaita pikapu. Mama Foleni akaita gari la mikate. Yote mawili yakaja kwa adabu hadi katikati, yakafunga breki pua kwa pua. Madereva wakashusha vioo, wakaanza kuombana radhi, na njia zote nne zikaziba.

Kaptula alisimama polepole, akajipangusa theluji magotini. Dawa yake ya kusifu zote mbili ilikuwa pale katikati ya barabara, inapigiwa honi.

— Mchana nitawaambia wakubwa zote mbili zizimwe, — alisema zilipofunguka njia na wale wawili wakarudi wakilaumiana. — Mpaka tujue nani anasikilizwa.

— Hata yangu?

— Yako na yake. Na mnakuja nami chumbani, mseme wenyewe hamjawahi kusomana. Oksana, wewe utauliza swali lako, vilevile ulivyouliza.

Zima Taa aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile nusu donati, akamkabidhi Mama Foleni. Mama Foleni akaitazama, akaimega, akamrudishia kipande.

— Na kindi? — aliuliza.

— Kindi, — alisema Kaptula, — tumwombe radhi.