Mama Vagheni na Mizigo Aliyoipima

Tarehe 28 mwezi huu wa sita, Mama Vagheni Marie-Jeanne anaacha kazi baada ya miaka thelathini na mitatu ya kupima watoto katika kituo chetu cha afya hapa Butembo. Alitaka kuongeza miaka minne, lakini shingo imekataa. Anayeondoka ni kipenzi cha kituo kizima, na mkono wangu unaandika haya bila kutaka.

Alianza mwaka 1991. Mtoto akilia kwenye mizani ya kuning'inia, alimwimbia kwa Kinande mpaka atulie. Wengi aliwaita kwa kilo zao. Gracien, mume wangu mpenzi, alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na hadi leo kwake ni Kilo Mbili. Tulipofunga ndoa majuma matatu yaliyopita, Mama alimnyoosha tai mlangoni mwa kanisa akamwambia, "We Kilo Mbili, muke yako anakupita uzito." Tulicheka mpaka machozi. Wageni hawakujua kwamba aliegemea mlango kwa sababu kusimama kulikuwa kunamshinda.

Alikuwa na desturi moja. Msichana akiingia uani na mzigo mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, Mama alimfungua, akautundika mzigo kwenye mizani ya watoto na kuandika kwenye fishi yake, kadi ya kliniki: mtoto kilo kumi na tisa, viazi kilo kumi na mbili. Wazazi walichukia. "Tulikuja kwa chanjo, hatukukuja kwa polisi," mmoja alimwambia. Mama aliendelea kuandika.

Sababu niliijua mwezi wa pili, nilipomsindikiza Mama kwa daktari katika mji wa Beni. Huyo alitazama picha ya mifupa, akauliza, "Mama, ulibebaka nini?"

"Viazi, docta. Toka Musienene mpaka soko ya Butembo. Nilikuwa na miaka sita."

Baba yake alikuwa amefariki, na nyumbani walikula mara moja kwa siku. Daktari alimweleza kwamba mifupa iliyokua na njaa chini ya mzigo huchakaa mapema, na kwamba dawa itatuliza maumivu tu, haitamponya. Mama hakuuliza juu ya maumivu. Aliuliza nani atachota maji, kwa sababu nyumbani wamebaki wawili: yeye na mjukuu wake Agar, mwenye miaka minane.

Juma lililopita Agar alipita hapa akitoka kisimani, bidoni ya maji mgongoni. Mama aliitundika kama kawaida. Kilo kumi. Akashika kalamu, kalamu ikabaki hewani.

"Koko, sisikie uzito," Agar alimtuliza bibi yake.

"Hata miye nilisemaka vile," Mama alijibu, akaketi. Hatukuwahi kumwona akiketi saa za kazi.

Tangu kesho yake, Gracien anawapelekea nyumbani bidoni mbili kwa pikipiki yake kila asubuhi, kabla ya kutafuta abiria. Jumapili ni zamu ya muuguzi Ananie. Agar anakwenda shule na madaftari yake tu.

Mama Vagheni, shingo yako hatuwezi kukurudishia, na hilo linatuumiza. Asante kwa kila mtoto uliyemfungua kamba. Pumzika nyumbani kwako, ulale vizuri, ule ushibe. Maji yatafika.