Damu ya Ng'ombe wa Omaido

Kijiwe chetu ni benchi moja kando ya foleni ya malori hapa Busia, upande wa Uganda, pale Kulusumu anapouza kahawa. Mguu mmoja wa benchi ni tofali. Asubuhi hiyo tulikuwa tumechoka sote, hata ubishi ulianza kwa miayo. Mzee Omaido alikuwa ametoka kijijini kwake Mulanda kutuambia kwamba ng'ombe wake ameanguka. Ana huyo mmoja tu, na maziwa yake ndiyo wanayokunywa wajukuu.

— Ng'ombe nalala chini tangu juzi. Majani haitaki, maji haitaki. Na hii simu nasema ng'ombe mzima!

Akatuonyesha ujumbe wa watafiti waliokuja mwezi uliopita wakitoa damu ya ng'ombe. Wanasema kuna protini zinazopanda damuni ugonjwa ukianza tu, kabla mnyama hajaonyesha dalili. Kwenye majibu ya Omaido, hakuna hata moja iliyopanda.

— Damu iliharibikia mpakani ikienda kupimwa, akasema Jamilu. Tunamwita Forodha, maana anapitisha mizigo ya watu. Ile mashine ya kumulika malori inachemsha kila kitu.

— We! Kwani damu ilipanda lori la saruji? nikamuuliza.

— La mayai. Mimi najua.

Brayo wa bodaboda, Mkenya wetu, akacheka bila nguvu.

— Wazee, mmechezwa. Protini ni biashara. Wameichuja wakauzia majamaa wa gym Nairobi. Wangeiona wapi na walishaitoa?

— Kweli kabisa, akadakia Wesonga, Profesa wetu asiye na cheti. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo mwenyeji amepona wapi, Profesa? akauliza Brayo.

— Methali haina haraka. Subiri.

— Nasubiri mpaka lini? Omaido akasema. Huyu akikufa, watoto nakunywa nini?

Hapo pikipiki ikasimama. Akashuka Ritah, yule binti mtaalamu wa mifugo aliyekuja na watafiti, sanduku la dawa begani. Omaido ndiye aliyempigia simu. Alitusalimu, akafungua daftari.

— Mzee, siku ile niliandika ng'ombe mwekundu, mnene, pembe fupi. Ndiye huyo aliyeanguka?

Jamani, benchi zima lilijua si yeye. Kwetu mgeni haonyeshwi ng'ombe mwenye mbavu nje. Wa Omaido ni mweusi, na siku ile alikuwa ameshaanza kukonda. Mzee akaona haya, akaazima wa Wesonga. Mimi ndiye niliyeshika kamba, tena njia nzima tulikuwa tunacheka. Mwezi mzima wa kumtibu mgonjwa ukapita, sisi tunajivunia damu ya ng'ombe mwingine. Na asubuhi hii tulizunguka kwa maneno mpakani na gym, mradi tusifike hapo.

— Ndiye huyo? Ritah akauliza tena, polepole.

Wesonga akainamia kikombe chake. Omaido akanigeukia mimi, nimjibie.