Lambok Naibaho, Aliyelala Katika Mashamba ya Watu

Marehemu Lambok Naibaho, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Rotua, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1954 hapa hapa kijijini Lumban Sitapi, mlimani juu ya mji wa Pangururan na ziwa letu, akiwa mtoto wa pili wa mzee Kilian na mama Tiodor. Mama alisimulia kwamba siku hiyo ukungu ulifunika ziwa lote, na mtoto akalala tangu asubuhi hadi jioni bila kulia, hata mkunga akaingiwa na wasiwasi akamtikisa. Mimi Tiominar, dada yake niliyemfuata kuzaliwa, nathibitisha kwamba usingizi huo hakuuacha.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1961, akaendelea na sekondari Pangururan, na mwaka 1972 baba akauza nyati wake wa kulimia ili ampeleke chuo cha kilimo Pematangsiantar. Darasani alikaa dirishani. Mwalimu mmoja alimwuliza, "Wewe Naibaho, upo hapa au upo ziwani?" Akajibu, "Nipo, mwalimu, ila nimetoka kidogo." Alichapwa kwa jibu hilo. Hata hivyo alihitimu mwaka 1975, akarudi na cheti pamoja na mfuko wa mbegu za kahawa alioukumbatia njia nzima.

Kuanzia 1977 hadi 2014 alikuwa bwana shamba wa Ushirika wa Sada Roha. Kazi yake ilikuwa kuwakopesha wakulima wadogo miche na fedha za mbolea, na kukaa nao mpaka kahawa izae. Alikuwa na namna yake. Akifika shambani haulizi kitu. Anakula alichopewa, viazi vitamu au samaki wa ziwani, kisha anajilaza kati ya matuta, kofia usoni, mpaka jua ligeuke. Akiamka ndipo anasema: hapa maji yanatuama, pale upepo wa ziwa unapiga. Watu walimtania, "Wewe ni bwana shamba au bwana usingizi?" Naye aliwajibu bila haraka, "Sasa nitashauri vipi shamba ambalo sijalala ndani yake?"

Tarehe 12 Juni 1981 alifunga ndoa na Rumondang Simbolon katika kanisa lile pale chini. Wifi yangu anasema siku ya kuposwa mwanamume hakuinua macho, yeye akadhani ni haya. Kumbe alikuwa anatazama udongo wa uani kwao. Walijaliwa watoto watatu, na nyumba ambayo sikuwahi kusikia ndani yake mtu akifokewa.

Mwaka 1991 ushirika ulimkopesha Baba Sihol, ambaye yupo hapa na ananiangalia vibaya, fedha za mbolea. Lambok alipokwenda kuiona mbolea alikuta kaburi jipya la babu, la saruji, la ghorofa mbili, katikati ya udongo mzuri kuliko wote wa shamba lile. Tunajijua sisi. Marehemu wetu wanalala kwenye vigae, walio hai wanavujiwa na bati. Baba Sihol akajificha jikoni. Lambok alikaa kwenye ngazi za kaburi, akaomba chakula, akala, akalala papo hapo kivulini. Alipoamka aliita, "Baba Sihol, toka huko. Babu amekula mbolea, basi naye afanye kazi. Nyuma ya ukuta wake hakufiki upepo. Tutapanda hapo." Kahawa ya nyuma ya ukuta ndiyo iliyomsomesha Sihol mpaka mjini Medan. Lakini tangu siku hiyo kaka yangu kila alipoona kaburi limejengwa kwenye udongo mzuri alinyamaza njia nzima.

Alipostaafu, kile kiwanja chake chini ya nyumba, kinachotazama ziwa, alikigeuza kitalu cha miche. Asiye na kitu alichukua miche pale na kulipa alipovuna. Hadi leo familia nyingi mlimani zinategemea kitalu hicho.

Machi 2022 miguu ilianza kumvimba, na daktari akasema ni moyo. Aliugua kwa upole. Alitusahau majina akayakumbuka, akawa anatuambia habari za mashamba ambayo hatukuyajua. Jambo moja tu lilimkosesha raha. Alimwomba kaka yetu mkubwa, Mangasi, "Kaka, nikifa usinijengee kaburi kitaluni. Kuna pale juu penye mawe, hapaoti kitu. Panatosha."

"Penye mawe tunafunga mbuzi," Mangasi akasema. "Unataka ukoo unione mimi mtu gani? Mtoto wa Kilian alale na mbuzi?"

"Mbuzi hawana neno, kaka."

Mangasi akachukua kofia yake akatoka. Kila alipokuja, mgonjwa alimtazama, naye akatazama pembeni. Lambok alifariki tarehe 14 Novemba 2023, mchana, mvua ikinyesha na dirisha la upande wa kitalu likiwa wazi. Ahadi hakuipata, na hilo limeniuma kuliko kifo chenyewe.

Ratiba mlizoshika zinasema atazikwa kitaluni. Zilichapishwa Jumatano. Ninayosoma sasa hayamo humo.

Alhamisi mchana, ngoma za gondang zikipigwa uani, kaka Mangasi alishuka kitaluni na kamba na vigingi kupima kaburi. Alikuwa hajalala tangu msiba uingie. Akakaa kivulini apumzike, usingizi ukamchukua. Niliposhuka na kahawa nilimkuta amejinyoosha kati ya miche, kofia usoni. Nilidhani ni yule mwingine. Nikakaa kando nikimsubiri.

Alipoamka aliitazama miche iliyomzunguka.

"Tiominar," akasema, "nimemwona."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa anamwagilia. Akaja mstari kwa mstari mpaka hapa nilipolala. Akasimama na kopo lake, akanisubiri nisogee."

"Hakukasirika?"

"Unamjua. Alisubiri tu."

"Ukasogea?"

"Nikasogea," akasema Mangasi, na hapo ndipo alipolia. Kisha aling'oa vigingi kimoja kimoja, akapanda navyo mlima hadi kule juu penye mawe. Wa kwanza kumfuata na sururu alikuwa Baba Sihol.

Marehemu ameacha mjane, Rumondang, watoto wake Rotua, Pardamean na Lamria, wote wenye ndoa zao, wajukuu saba, kaka yake Mangasi, mimi dada yake, na wote waliopanda kwa mkono wake. Kwa kuwa ameondoka akiwa ameona wajukuu kutoka kwa kila mtoto wake, leo kwa desturi yetu tutamchezea ngoma, hata kama machozi yatatoka. Mbuzi wamehamishwa.

Kaka yetu apumzike kwa amani penye mawe yake. Miche imepata maji leo asubuhi. Mangasi ndiye aliyemwagilia.