Fundi Allah Wasaya na Waya wa Nyumba ya Marehemu Haji Karam Hussain

Ndugu zangu wa karakana ya laini, nawaomba kwa heshima: karatasi hii mkishaisoma isitoke humu. Asionyeshwe Bwana Meneja, asisimuliwe mtu yeyote wa mtaa wa wafinyanzi, na tafadhali isifungiwe sambusa. Wasifu utakaosomwa ukumbini ni mwingine. Nao niliuandika mimi, na hauna neno ambalo Meneja hakulipitisha. Huu ni wenu.

Fundi Allah Wasaya anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni, baada ya kuzihudumia laini za mji wetu wa Multan kwa miaka thelathini na sita. Alianza kwa kuchimba mitaro ya kebo, akapandishwa cheo akawa mpanda nguzo, na huko juu ya nguzo ndiko alikozeekea. Wengi wenu mmejifunza kwake ule wito wa kabla ya kupanda paa la mtu: "Akina mama, jisitirini, fundi wa simu anapanda!" Huutoa kwa sauti inayofika mtaa wa pili, na wapo wanawake waliojisitiri miaka yote hii kwa ajili ya mapaa yasiyo yao.

Kila laini aliyoitengeneza aliijaribu kwa kumpigia mkewe, Bibi Rasulan.

"Leo umepika nini?"

"Dengu."

"Laini nzima."

Mteja mmoja aliwahi kutulalamikia kwa maandishi kwamba Jumanne tatu mfululizo yamekuwa maboga, akauliza kama kituo kinamtunza fundi wake ipasavyo. Lalamiko hilo lipo. Halijajibiwa.

Kompyuta zilipoanza kuingia majumbani, Fundi alipelekwa Lahore kufundishwa kazi mpya: kuunganisha kompyuta za nyumba moja kwa kupitia nyaya zilezile za simu zilizokwisha kuwamo ukutani. Unachomeka kijisanduku kwenye soketi ya simu ya kila chumba, basi. Kompyuta zinaonana, simu inaendelea kulia kama kawaida, na hakuna kinachotobolewa. Katika mji ambao kuta za zamani huvunja keekee kabla hazijatoboka, hii ilikuwa neema. Alirudi na cheti, akakitundika nyuma ya vikombe vya chai, na nyumba alizoziunganisha tangu hapo ni nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote kituoni.

Nyumba ya marehemu Haji Karam Hussain, kule mtaa wa wafinyanzi, mnaijua. Alipofariki, wanawe wawili, Zawar na mdogo wake Khizar, waligombania mirathi, wakajenga ukuta katikati ya ua. Waligawana maji, umeme, mpaka ngazi ya kupandia juu. Simu haikugawanywa, kwa sababu ipo kwa jina la baba, na hakuna aliyekubali kutia sahihi iwe ya mwenzake. Waya ukabaki mmoja, ukipita chini ya ukuta. Simu ikilia, inalia pande zote mbili. Anayewahi ndiye anayeongea. Mwenzake husikiliza kwa adabu.

Zawar alimwita Fundi amwunganishie kompyuta zake mbili. Khizar aliposikia, naye akamwita, akataka vijisanduku vilevile, "ila vya kwangu viwe na taa nyingi zaidi." Fundi alimweleza kila mmoja kwamba waya ni mmoja. Kila mmoja alimjibu kwamba hayo akamwambie yule wa upande wa pili.

Wiki hiyohiyo, insha ya Mehrin, binti wa Zawar, ilipita kwenye waya huo ikatokea kwenye printa ya Khizar. Khizar ni mwalimu. Aliisahihisha kwa wino mwekundu, akaandika chini, "Umejitahidi, ila ukaidi wa aya ya mwisho ni wa baba yako," akairusha juu ya ukuta. Lilikuwa neno la kwanza kuvuka ukuta ule tangu ujengwe.

Asubuhi yake Zawar alikuwa kwenye dirisha langu la malalamiko. "Ananisomea mambo ya nyumbani kwangu! Tenganisheni!" Kesho yake akaja Khizar. "Tenganisheni, na muandike kwamba niliyetaka ni mimi." Kanuni inataka warithi wote watie sahihi. Walitia, kwenye karatasi moja, siku mbili tofauti. Ndilo jambo pekee walilokubaliana tangu wamzike baba yao.

Fundi akapewa hati ya kazi. Alikwenda, akarudi bila kuutenganisha. Sababu: mbwa. Nyumba ile haina mbwa. Akaenda tena, akarudi. Sababu: mvua. Bwana Meneja aliandika pembeni kwa kalamu ya kijani kwamba mvua haijanyesha Multan tangu Machi, akaniamuru niende naye mara ya tatu nikashuhudie.

Mama yao, Amma Sharifan, hanyanyuki kitandani, na kitanda kipo upande wa Zawar. Khizar aliapa mbele ya mashahidi kwamba hatakanyaga upande ule, na kiapo chake anakiheshimu. Tulipoingia, kompyuta ilikuwa juu ya kiti karibu na mto wa Amma, na ndani yake, kwa waya uleule, alikuwemo Khizar, bado amevaa kofia ya sala ya Ijumaa.

"Umekonda," Amma alikuwa akimwambia. "Mkeo anakulisha au anakuonyesha tu?"

"Nakula, Amma."

"Sogea kwenye mwanga. Hizo mvi ni zako?"

"Zangu, Amma. Kaka hayupo?"

"Yupo dukani."

Kaka mwenyewe, Zawar, alikuwa nyuma ya kompyuta, ameishika kamera kwa mikono miwili ili isitikisike. Alitutazama, kisha akaitazama hati mkononi mwangu. Na Khizar si mtoto. Anajua kwamba kamera haijishiki yenyewe.

Fundi aliinua simu ya Amma, akampigia mkewe, akauliza kuna nini, akaambiwa bamia, akasema laini nzima. Kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, andika chochote, ila isiwe mbwa."

Niliandika kwamba ngazi ilikuwa fupi. Waya ule unapita chini ya ardhi. Meneja hakulitambua hilo. Ameagiza ngazi ndefu, na inafika Jumatatu. Siku hiyo hati atapewa mmoja wenu.

Ombi haliwezi kufutwa. Atakayeanza kulifuta ndiye aliyeshindwa, na wale wawili hawashindwi. Waya ukitenganishwa, Amma atabakiwa na mtoto mmoja wa kumtazama, na mwingine atakuwa ng'ambo ya ukuta, umbali wa hatua chache, mpaka siku ya maziko.

Fundi Allah Wasaya, tunakushukuru kwa nguzo ulizopanda, na zaidi kwa kazi uliyorudi bila kuifanya. Shuka salama, ukae chini na familia yako. Tunakutakia maisha mema, yenye afya na usingizi wa mchana.

Atakayepewa hati hiyo, naomba anione kabla hajaondoka. Nipo dirisha la malalamiko, la pili kutoka mlangoni. Aje baada ya sala ya adhuhuri, Meneja akiwa anakula. Asinipigie simu, hiki ni kituo cha simu, kila mtu anasikia. Akinikuta na mtu, aulizie sare za mwaka huu. Hazipo, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa tukizizungumzia kwa muda mrefu. Na akimkuta dirishani karani mwingine, ajue imejulikana. Hapo asiniulizie, aende zake, ila waya asiuguse.