Pijo Bila Antena

Ndugu Mwinshehe Saburi, dereva wa hospitali yetu hapa Kibaha, anastaafu tarehe 30 Juni 1985, baada ya kutushikia usukani kwa miaka ishirini na mitatu. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi Fabian, fundi wa karakana. Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mzaramo wa Chole, kwa hiyo walioniteua walijua wanachokitafuta. Mtani hapewi kalamu bure.

Alianza kazi mwaka 1962, akakabidhiwa gari aina ya Pijo 403, la kijivu, lililoachwa na meneja mmoja wa shamba la mkonge. Magari mengine yamekuja na kufa, lakini Pijo lipo hadi leo, kwa sababu bwana huyu huliosha kuliko anavyojiosha mwenyewe. Ndani mna redio, na juu ya madigadi imesimama antena ndefu inayong'aa. Mwinshehe akienda kuchukua wagonjwa Kisarawe, muziki wa dansi humtangulia kufika.

Gari hilohilo ndilo lililorudisha maiti vijijini. Safari ya kwanza ya namna hiyo, wafiwa walinung'unika: redio imezimwa, sawa, lakini antena inayumbayumba kama wanaenda harusini! Mwinshehe aliona haya. Tangu hapo, kila alipobeba maiti, aliifungua antena akailaza chini ya kiti. Watu wakazoea. Pijo likipita bila antena, waliokaa barazani walisimama, na wenye redio walizima.

Sasa niseme la ndani. Desturi hiyo ilimfaa mwenyewe kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mwinshehe ana maneno jamani, akianza habari za mpira chai yako itapoa. Lakini kumwambia mtu kwamba mgonjwa wake amefariki, ulimi ulimgoma kabisa. Antena ilimsemea. Kabla hajazima injini kilio kilikuwa kimekwisha kuanza, naye alibaki kufungua mlango wa nyuma, macho chini.

Mwaka 1975, wakati wa masika, mvua ilikuwa ikiingia kwenye tundu la antena na kumlowesha magoti. Mpira wa pale shinani ulikuwa umeoza, na mpya haukupatikana hata Dar. Tukaing'oa antena nzima. Mimi nililegeza nati chini ya madigadi, yeye akachomoa waya nyuma ya redio, tukaziba tundu kwa kipande cha ndala na lami. Kazi safi. Asubuhi yake akaondoka kumrudisha Mzee Matano kwao Masaki, ile ya Kisarawe, amepona kichomi baada ya kulazwa muda mrefu. Hakuna kati yetu aliyefikiria watu watalionaje gari.

Masaki walikuwa wamehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara. Kilio kilianzia nyumba ya kwanza, kikakimbia kuliko gari. Husseini, balozi wa nyumba kumi, akatuma watu makaburini na majembe. Pijo lilipofika uwanjani kwa Matano, mkewe, Bi Mwanaamina, alikuwa ameanguka chini, wanawake wanampepea. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mzee Matano akashuka na fimbo yake, akauliza kwa upole nani amefariki.

Waliokimbia walikimbia. Waliobaki walicheka hadi jioni, na katika kaburi lililokwisha kuchimbwa ukazikwa mgomba, maana kaburi halifukiwi tupu. Sisi watani tulipata la kusema mwaka mzima. Bi Mwanaamina peke yake hakucheka. Alimshika dereva mkono, akamwambia, "Mwanangu, siku Matano akifa kweli, usiliache gari liniambie. Njoo uniambie wewe."

Mwinshehe akaahidi. Antena tuliirudisha wiki hiyohiyo na haikufunguliwa tena, hata kwa maiti. Lakini ahadi ilimkaa moyoni kama mwiba. Kwa miaka mingi alikuwa akiomba afuatane na muuguzi, amsemee kwa wafiwa, na kila Mzee Matano alipoletwa hospitali kwa kikohozi tu, Mwinshehe alikosa hamu ya chakula. Nilimtania sana. Leo najua halikuwa jambo la kutania.

Mzee Matano alifariki kwetu mwaka 1983. Muuguzi alijitolea kwenda kusema, Mwinshehe akakataa. Mimi nilifuatana naye. Alisimamisha gari mbali, nyuma ya mikorosho, akatembea kwa miguu hadi kwa Bi Mwanaamina. Akatoa shikamoo, akaketi mkekani, akasema, "Mama, Mzee ametutoka." Hapo akashindwa, akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Bi Mwanaamina akamfuta uso kwa pindo la kanga yake.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Lia umalize, ndipo twende tukawaambie watoto."

Tangu siku ile Mwinshehe hajamwachia mtu mwingine kazi hiyo. Huingia, huketi, husema.

Ndugu Mwinshehe, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante. Umewabebea watu habari nzito, ukazifikisha kwa kinywa chako. Nenda Chole ukapumzike na wajukuu, na kila atakayepiga hodi mlangoni kwako, Mungu amjalie aje na habari njema.